Kisogo cha Karani

Ciakuthii alimwona mgeni akiwa bado mbali kwenye njia itokayo Siakago, akajua kwamba huyo si muuza sufuria wala si mtu wa serikali. Wauza sufuria huja wakipiga kelele, na watu wa serikali huja wawili wawili ili mmoja awe shahidi wa mwenzake. Huyu alikuwa peke yake, msichana mrefu mwenye mkoba mgongoni na boksi la bati mkononi, na kila baada ya hatua chache alisimama kuukagua ua wa minyaa. Aliukagua nguzo kwa nguzo, kama mtu aliyeahidiwa kitu na sasa hakioni.

"Hodi kwa Mzee Mbogo!"

"Karibu. Mzee hayupo, lakini nyumba ipo. Ingia unywe uji."

Msichana akaingia, akapewa kigoda na kibuyu cha uji, akajitambulisha. Aliitwa Mukiri, mzaliwa wa Nkubu huko Meru, na alikuwa akisomea mambo ya wanyama chuo kikuu. Kimeru chake na Kimbeere cha mwenyeji wake vilikuwa ndugu, lakini ndugu wasioelewana kila neno, kwa hiyo wakashika Kiswahili, kila mmoja na chake. Huo ulikuwa mwaka ambao simu za mkononi zilianza kushika Siakago, tena mpaka upande juu ya kichuguu.

"Cucu," alisema, kwa maana ndivyo nyanya anavyoitwa huku kwetu, "nimeletwa na barua."

Akaitoa kwenye plastiki. Ciakuthii hakuhitaji kuambiwa mwandishi ni nani. Ule mwandiko wa herufi zilizosimama wima kama askari kwenye gwaride aliujua tangu siku za uchumba. Mukiri akamsomea taratibu.

"Kwa Mwalimu Mkuu wa Wanyama, Chuo Kikuu. Salamu nyingi. Mimi ni Mbogo wa Siakago. Nimelinda mawele kwa miaka thelathini na saba. Ninavyo vichwa kumi na viwili uani, vya komba, tumbili, kima na mbega, na cha kumi na mbili ni cha nyani mmoja aitwaye Karani. Huyo alinishinda miaka kumi na minne. Naomba mtu aje anifungulie jambo hili kabla sijafa: Karani alikuwa na nini kichwani? Sitaki malipo. Wenu, Mbogo."

"Iliandikwa lini?" Ciakuthii aliuliza.

"Karibu miaka miwili. Ilikuwa imelala kwenye droo ya mtu. Mimi niliipata nikitafuta kalamu." Mukiri akatazama huku na huku. "Mzee yuko wapi, Cucu? Nataka nimwombe radhi kwa kuchelewa."

"Yuko pale."

Pale palikuwa chini ya mti wa mukau, kaburi la udongo mwekundu lenye msalaba wa mbao. Lilikuwa na miezi kumi na mmoja. Mukiri akaweka kibuyu chini. Kilichomsumbua Ciakuthii hakikuwa kaburi. Kaburi alikwishalizoea. Kilichomsumbua ni vile vichwa, na alilolifanya mwenyewe siku ya mazishi.

Sasa, mtu asiyemjua Karani atauliza nyani mmoja ana shughuli gani mpaka aandikiwe barua chuo kikuu. Huyo hajawahi kulima mawele.

Kila mtu wa nchi hii ya chini anajua kwamba nyani humwogopa mwanamume na kumdharau mwanamke. Kwa hiyo siku Mbogo alipokwenda sokoni, Ciakuthii alivaa koti lake, akavaa kofia yake, akashika upinde wake, akasimama katikati ya shamba. Tumbili wakadanganyika. Kima wakadanganyika. Karani alikaa juu ya jabali lake akamtazama kwa muda wa kuchemsha chai, kisha akashuka, akapita hatua kumi kutoka kwake, akachuma suke lililonona kuliko yote, akarudi nalo jabalini. Ebo! Mbogo aliposimuliwa alimfundisha mkewe kutembea kama yeye, akiburuta mguu wa kushoto. Hiyo ilifaa wiki mbili. Wiki ya tatu Karani aligundua kwamba mbwa hakulifuata lile koti. Mbwa alikuwa amebaki jikoni, na mbwa angebakije jikoni kama mwenyewe angekuwa shambani?

Mbogo akafunga mlango wa ghala kwa kamba. Karani akaifungua. Mbogo akafunga fundo la wachunga ng'ombe, ambalo hata yeye hulifungua kwa kuinama na kutoa ulimi nje. Karani akalifungua akiwa ameangalia upande mwingine, kule mbwa alikokuwa, vidole vikifanya kazi yao kana kwamba vina macho yao. Mbogo aliliona hilo kwa macho yake akiwa amejificha nyuma ya kichaka, na badala ya kurusha jiwe alisimama tu akashika kofia yake.

"Siku za mwizi ni arobaini," jirani yao Gitari alimwambia.

"Huyu nimemhesabia miaka," Mbogo akajibu, na mtu angesema anajivunia.

Ukweli usemwe, hakuwahi kuua nyani hata mmoja. Tumbili na kima aliwapiga mshale zamani, sheria ilipokuwa bado inaruhusu, na uwindaji ulipopigwa marufuku aliokota tu walioraruliwa na mbwa au walioanguka mitini. Mbega wawili aliwaleta kutoka msitu wa mlimani alikokuwa kibarua wa kukata mbao. Karani alikufa kwa uzee, mwaka wa kiangazi, juu ya jabali lake, meno yote yamekwisha. Mbogo alipanda akakaa naye mpaka jua likageuka. Alirudi na kichwa ndani ya koti lile lile, na siku hiyo hakula.

Vichwa vyote alivipachika kwenye nguzo za ua ili kuwatisha walio hai. Havikumtisha hata mende. Watoto wa shule walimwita Mzee Vichwa, wakubwa nao wakamcheka pembeni, na yeye akaendelea kuvipangusa vumbi kila Jumamosi.

Katika nyumba ya kina Mbogo palikuwa na desturi ambayo nyumba nyingine za hapo hazikuwa nayo. Mlinzi wa shamba akifa, mjane wake huvitoa vichwa uani na kukivunja kila kimoja kisogo, ili ujanja uliofungiwa mle ndani utoke uende zake, usije ukamfuata marehemu njiani ukimuuliza maswali. Mama mkwe wake alifanya hivyo, na Ciakuthii alimshuhudia. Kwa hiyo siku ya mazishi, wakati katekista akijifanya anatafuta ukurasa wa wimbo, alikaa chini na mpini wa shoka, akagonga kichwa baada ya kichwa. Visogo viling'oka kama vifuniko. Aliifanya kazi hiyo kwa heshima, tena aliifanya sawasawa, maana Ciakuthii hakujua kufanya kitu nusunusu.

Na sasa huyu hapa msichana wa Nkubu, amekuja na boksi la bati.

Ciakuthii alimletea kiondo chenye vichwa vyote kumi na viwili. Mukiri akachukua cha kwanza kwa mikono miwili, akakigeuza, na uso ukamshuka. Akachukua cha pili. Akachukua cha tatu. Alipofika cha sita aliacha kuvigeuza.

"Cucu, visogo vimekwenda wapi?"

"Nilivivunja mimi. Kwa mkono huu." Akamweleza desturi, bila kujitetea. "Hakuniambia habari ya barua. Miaka arobaini na miwili ya ndoa, mtu ananiambia mpaka ndoto zake, hili akalificha! Aliogopa nami nitamcheka. Haya niambie, binti. Nimeiharibu kazi yake?"

Mukiri hakujibu upesi, na Ciakuthii akampenda kwa hilo, kwa kuwa mwongo angejibu hapo hapo.

"Nikueleze ninachotafuta," alisema mwishowe. "Huku mbele, chini ya paji na utosi, kunakaa ubongo mkubwa. Huo ndio unaopanga. Huku nyuma, ndani ya kisogo, kunakaa ubongo mdogo, umejikunja peke yake. Huo ndio unaonyoosha mwendo wa mkono, ili kilichopangwa kifanyike bila kukosea. Hiyo miwili imeungana kwa nyuzi nyingi mno, zinakwenda na kurudi. Sasa wasomi wanabishana. Wengine wanasema kichwa cha mnyama kikikua, vizazi kwa vizazi, kila kitu ndani kinaumuka pamoja kama unga wa mandazi. Wengine wanasema kila kipande kinakua kivyake. Mimi nafuata wa tatu. Wanasema vipande vilivyoungana ndivyo vinavyokua pamoja, na visivyoungana vinaweza kubaki nyuma. Kwa hiyo nahitaji vyote viwili, mbele na kisogo. Mbele peke yake ni nusu ya swali."

Ciakuthii alifikiri, akikuna kiwiko.

"Ni kama shamba na ghala," alisema. "Mbogo alipopanua shamba, mimi nilipanua ghala. Shamba kubwa na ghala dogo ni chakula cha panya. Ghala kubwa na shamba dogo ni upuzi. Lakini jiko langu halikupanuka hata kidogo, ni lile lile la siku nilipoolewa."

Mukiri akafungua daftari akaandika maneno hayo, na Ciakuthii akajifanya hakuona.

"Na huko kukua kwa vizazi," Ciakuthii aliongeza, akijua anachokoza, "kanisani hatukuambiwa hivyo."

"Mimi naangalia kazi ya Mungu, Cucu. Siulizi ilimchukua siku ngapi."

"Haya. Umejibu vizuri."

"Lakini maji yakimwagika hayazoleki," Mukiri akasema, akavitazama vile vichwa. "Kama vipande ulivitupa..."

"Nani kasema nilivitupa? Kuvunja ni desturi, kutupa ni ujinga. Tena si maji hayo, ni mawele, na mawele yakimwagika tunayaokota punje kwa punje."

Akaenda chini ya ghala, akarudi na gunia dogo, akalimimina juu ya ungo. Visogo vilijaa pale vimechanganyika, vidogo kama ganda la yai na vikubwa kama kikombe. Mukiri akapiga magoti. Alitoa kioo chake cha kukuzia, akaanza kulinganisha kingo za mifupa, na baada ya saa nzima alikuwa amepatanisha kimoja.

"Utazeeka hapa," Ciakuthii akamwambia, akachukua kipande. "Hiki ni cha tumbili wa sikio moja. Mpini uliteleza, ukaacha mkwaruzo huu. Hiki ni cha kima aliyeanguka kwenye mzinga wa nyuki, nilimgonga mara mbili kwa kuwa machozi yalinizuia kuona. Hiki cha komba sikukigonga, nilikibonyeza kwa kidole gumba." Kila kipande alichokitaja, Mukiri alikijaribu kwenye fuvu la mnyama huyo, na kila kimoja kiliingia, mshono kwa mshono, bila nafasi ya kupitisha unywele.

Loo, msichana wa watu alishika mdomo. Ciakuthii naye alivimba kichwa kidogo, mwacheni, miezi kumi na mmoja hakuwa amesifiwa na mtu.

Walivigandisha kwa ulimbo wa mgunga, ambao ukitiwa maji huachia bila kuudhuru mfupa. Ciakuthii ndiye aliyejua mgunga upi unatoa ulimbo safi. Kisha wakaanza kupima. Mukiri alikuwa amekuja na shanga za kioo kwenye kopo, lakini hazikutosha kichwa cha mbega, akaona haya kusema. Ciakuthii akaleta mawele.

"Wasomi wa kale walipima hivi hivi," Mukiri alisema akicheka, "kwa mbegu ndogo ndogo. Nilisoma nikadhani ni hadithi."

Ndani ya kila fuvu palikuwa na ukingo wa mfupa unaotenga chumba cha nyuma na chumba cha mbele. Walijaza chumba cha nyuma mpaka kwenye ukingo, wakamwaga kwenye mrija wa kioo wenye mistari ya mililita, Mukiri akaandika. Wakajaza cha mbele, akaandika. Lakini Ciakuthii hakuridhika na namba zisizoonekana. Alitandaza mkeka, na kwa kila mnyama akaweka marundo mawili ya mawele, la mbele na la kisogo. Kufikia jioni ya siku ya pili, Mukiri akiwa mgeni wa kulala sasa, marundo kumi na mawili na mengine kumi yalikuwa yamepangwa kutoka komba hadi mbega.

Ciakuthii alisimama mkono kiunoni akatazama. Hakuna aliyemweleza kitu, na hakuhitaji. Pale rundo la mbele lilipopanda, la kisogo lilipanda nalo. Lilipopungua, na la kisogo lilipungua. Hakuna hata mmoja aliyekuwa na mbele kubwa na nyuma ndogo.

"Lakini mwenye mwili mkubwa ana kila kitu kikubwa," alisema kwa ukali, maana hakutaka kudanganywa na mkeka wake mwenyewe. "Hilo hata mtoto anajua."

"Ndiyo hapo!" Mukiri akaruka. "Mtazame mbega na kima. Mbega ni mzito kuliko kima, sivyo? Lakini marundo yao karibu yanalingana, yote mawili. Si mwili unaovuta. Na tazama hapa." Akakiinamisha kichwa cha komba, akamwonyesha Ciakuthii kishimo kidogo mbele kabisa, juu ya pua. "Hapa ni pa kunusia. Cha komba ni kikubwa kuliko cha tumbili, na komba mwenyewe ni mdogo hivi. Kunusa hakukufuata msafara."

"Hilo ndilo jiko."

"Hilo ndilo jiko, Cucu."

Ciakuthii akaketi chini taratibu. Alikuwa ameishi na hawa wanyama maisha yake yote, amewatukana, amewarushia mawe, amewalilia mawele yake, na siku zote alidhani wizi wao ni wizi tu. Kumbe mle ndani mlikuwa na kazi ya namna hii. Kizazi baada ya kizazi, wazo likiongezeka, mkono nao unaongezewa wa kulitimiza, wala hakuna anayemwacha mwenzake. Alistaajabu kiasi cha kuona haya kwa mawe yote aliyorusha. Si yote. Mengi.

Ila mkeka ulikuwa na pengo. Mwishoni kabisa, Mukiri alikuwa ameacha nafasi ya marundo mawili.

"Kesho tumtafute Karani," alisema. "Mbele yake ninayo, kisogo hakimo guniani. Kitakuwa kimeanguka mahali."

"Kitakuwa," Ciakuthii akasema.

Asubuhi msichana alitafuta chini ya ghala. Alitafuta kwenye jalala. Saa nne alikuwa kwenye banda la kuku, amepiga magoti kwenye mavi, akichakura kwa kijiti huku jogoo akimfokea. Ciakuthii alimtazama kutoka mlangoni pa jiko kwa muda mrefu kuliko alivyopaswa. Kisha akajifuta mikono.

"Mukiri. Toka huko kwa kuku. Anacho Mbogo."

Msichana akasimama.

"Miaka yote Mbogo alinitania kwamba Karani amekula mawele yangu mengi kuliko yeye mume wangu. Basi siku ile, kisogo cha Karani nilikijaza mawele mpaka kwenye ule ukingo wa ndani, nikakiweka kwenye mkono wake, nikafunga vidole. Vilikuwa vitatu tu mkono ule, viwili alivipoteza kwa msumeno huko mlimani. Nikamwambia, mkikutana, mgawane. Wakafunika jeneza. Hakuna aliyeona." Akageuka kulitazama kaburi. "Sasa utataka kufukua?"

"Mungu apishe mbali, Cucu!"

"Maisha yake yote yule mtu aliuliza swali moja tu. Moja! Na mimi nikamzika na jibu."

Akalia, na hakujificha. Mukiri alikuja akasimama karibu naye, akinuka kuku, akamshika mkono. Hakumwambia nyamaza. Ila baada ya muda aliutazama ule mkono aliokuwa ameushika, akaugeuza kiganja juu.

"Cucu. Ulipokijaza, ulichota kwa chombo gani?"

"Kwa mkono. Ningechota kwa kipi tena?"

"Mkono wako unakumbuka ni kiasi gani?"

Ciakuthii alikasirika, na hasira ikamkausha machozi. "Mkono wangu? Binti, mkono huu umepimia mbegu tangu kabla ya uhuru! Muulize mtu yeyote kama niliwahi kupanda shimo likapata punje tano na jingine nane."

"Basi ngoja." Mukiri alikuwa ameanza kutembea huku na huku. "Ngoja kwanza. Usichote. Tukifanya kwa kukimbia nitajidanganya mwenyewe, na wewe utanisaidia kujidanganya. Mimi nitaanza."

Alichukua kichwa cha Karani, akaziba pengo la nyuma kwa nta kwenye ule ukingo, akajaza mbele mawele, akapima. Kisha akakaa na daftari. Aliwatazama wale kumi na mmoja jinsi walivyopanda hatua kwa hatua, mbele na nyuma, akapiga hesabu kutoka kwao, kama huyu angefuata njia yao, kisogo chake kingepaswa kuwa na kiasi gani. Aliandika namba moja kwenye karatasi, akaikunja mara nne, akaiweka chini ya jiwe la kusagia.

"Sasa wewe."

Ciakuthii alinawa. Akaketi mbele ya ungo wa mawele, akafumba macho. Alichota, akapima uzito kiganjani, akaachia punje kadhaa. Akatikisa kichwa, akaongeza. Akaachia tena. Midomo yake ilikuwa ikicheza, na Mukiri hakujua kama ni sala au ni maneno aliyomwambia mumewe siku ile. Mwishowe mkono ukatulia.

"Ndiyo haya," alisema. "Mimina."

Mawele yakateremka kwenye mrija. Mukiri akainama mpaka jicho likalingana na mistari.

"Ishirini."

Ciakuthii akainua jiwe la kusagia, akaikunjua karatasi mwenyewe, mikunjo minne, akamkabidhi kwa kuwa miwani yake ilikuwa ndani. Lakini namba aliziona hata bila miwani. Zilikuwa kubwa. Ishirini na moja.

"Hiyo moja," alisema, baada ya kupata pumzi, "ilimwagika katekista alipopaza Amina. Alinishtua."

Mukiri akacheka, kisha akaona anatoa machozi, akayapangusa kwa mkono wenye mavi ya kuku. Wakacheka tena wote wawili.

"Hili sitaweza kuliandika kwenye kitabu changu, Cucu. Watauliza ushahidi uko wapi."

"Waambie uko Siakago, futi sita chini. Waje wamuulize Mbogo ruhusa." Akamshika bega. "Wale kumi na mmoja si wanakutosha?"

"Wananitosha. Na jina la Mzee litaandikwa mbele, ukurasa wa kwanza kabisa. Vichwa vilivyokusanywa na Mbogo wa Siakago. Vikaunganishwa na Ciakuthii."

"Langu la nini?"

"La Mzee ndilo mbele, lako ndilo kisogo," Mukiri akasema.

Jioni, msichana alipokuwa akifunga vichwa kwa pamba kwenye boksi la bati, Ciakuthii alichukua yale mawele ya mililita ishirini kutoka kwenye mrija, akaenda chini ya mukau. Hakupiga magoti, magoti yake hayakutaka. Alisimama tu pembeni ya msalaba, kama alivyosimama maisha yote pembeni ya mtu yule, mmoja akitazama huku na mwingine kule.

"Mzee wangu, watu wa chuo wamekuja," alisema. "Wamechelewa, lakini wamekuja, na hakuna anayecheka. Uliuliza Karani alikuwa na nini. Alikuwa na shamba kubwa, Mbogo, na ghala lake lilitosha. Alichokiwaza, mkono uliweza. Hakukushinda kwa bahati, na wewe hukushindwa na mjinga."

Akayamwaga mawele juu ya udongo mwekundu, akayafukia kwa kisigino, kwa kuwa mvua ilikuwa karibu.

"Nusu ya jibu ulikwenda nayo mkononi," akamwambia. "Nilikuwekea mimi."